Jinsi ya Kufufua Winchi Kuukuu ya Kuvutia Magogo bila Kupoteza Kumbukumbu Zake

Kila baada ya wiki chache mtu hunipigia simu akiwa amesimama mbele ya lundo la chuma lililomezwa na majani, iwe Elburgon, iwe Molo, au pembezoni mwa msitu kule Londiani, hapa Kenya, na swali lake la kwanza huwa ni lile lile: nianze na msasa au nianze na dizeli? Humjibu kwamba aanze na daftari, na kwa kuwa nimechoka kueleza sababu kwa simu inayokatikakatika, nimeona afadhali niandike utaratibu wote mahali pamoja.

Ninaposema winchi ya magogo nina maana ya mashine yenye dramu moja au zaidi za kuzungushia kebo, yaani kamba ya chuma, ambayo hukaa mahali pamoja na kulivuta gogo lije kwake. Mfano wa kwanza uliojulikana sana uliendeshwa kwa mvuke, nao ulibuniwa na John Dolbeer huko Eureka, California, mwaka 1881. Baadaye winchi zilifungwa nyuma ya matrekta, na aina hiyo ndiyo mtu wa kwetu ana nafasi kubwa ya kukutana nayo. Historia hiyo inatosha kwa kazi iliyo mbele yetu.

Onyo moja litangulie yote. Ikiwa mashine yako ina boila ya mvuke, fuata hatua ya kwanza hadi ya tatu, kisha uishie hapo. Boila iliyokaa miaka mingi huliwa na kutu kwa ndani huku nje ikionekana nzima, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka boila ikaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa. Usiwashe moto ndani yake hata kwa kujaribu tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari, penseli laini, chaki na simu yenye kamera nzuri.
- Spana za inchi na za milimita, pamoja na seti ya Whitworth ikiwa mashine ilitengenezwa Uingereza. Sababu nitaieleza katika hatua ya tano.
- Brashi za waya, nyundo ya shaba au ya mbao ngumu, patasi na jeki mbili.
- Dizeli, mafuta taa, mafuta ya kulegeza kutu, grisi na mishumaa michache.
- Chaja ya betri ya volti 12, pipa la plastiki na magadi yaliyosafishwa.
- Glavu za ngozi, miwani ya kukinga macho na barakoa halisi ya vumbi, kwa maana kitambaa cha kujifunga usoni hakitoshi.
- Mtu wa pili. Chuma cha kilo mia tatu hakina huruma kwa mtu aliye peke yake.

Hatua ya 1: Pata karatasi ya umiliki

Usisogeze hata bolti moja kabla ya kuwa na barua iliyotiwa sahihi na mwenye mashine, yenye tarehe, maelezo na bei, hata kama bei yenyewe ni sifuri. Biashara ya vyuma vikuukuu nchini inaongozwa na Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, na tangu serikali ilipoisimamisha biashara hiyo kwa muda mnamo Januari 2022 kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, pikapu iliyobeba gia zenye kutu huulizwa maswali barabarani. Baada ya agizo la Februari 2018 la kusimamisha ukataji miti, viwanda vidogo vingi vya mbao vilisimama, na katika hali kama hiyo mashine hubadilisha mikono bila maandishi yoyote. Mtu anayekwambia "chukua tu" huenda si yeye mwenye mali.

Hatua ya 2: Amua kama itatazamwa au itafanya kazi

Uamuzi huu hubadilisha kila kitu kinachofuata. Mashine ya kutazamwa inahitaji kuzuiliwa kutu isiendelee, kusimamishwa imara na kuelezwa. Mashine ya kufanya kazi inahitaji breki, kebo na injini ambazo utaziamini maisha ya mtu. Wanaoanza wengi husema wanataka ifanye kazi, kisha pesa zikiisha katikati huiacha imefunguliwa vipande vipande, hali ambayo ni mbaya kuliko ile waliyoikuta nayo. Ikiwa huna hakika, anza kama ya kutazamwa, kwa sababu unaweza kuipandisha daraja baadaye.

Hatua ya 3: Rekodi kabla ya kugusa

Piga picha kila upande, kisha kila kiungo kwa karibu, ukiweka rula au kisanduku cha kiberiti kando ili ukubwa uonekane. Tafuta kibao cha mtengenezaji, ambacho mara nyingi hujificha chini ya tabaka tatu au nne za rangi. Usikiguse kwa grainda wala kwa msasa. Kisafishe kwa kitambaa chenye mafuta taa, kisha weka karatasi nyembamba juu yake na usugue kwa ubavu wa penseli, na namba ambazo jicho halizioni zitajitokeza kwenye karatasi. Alama za uchakavu nazo zirekodiwe. Katika winchi yangu ya kwanza, ukingo wa kulia wa dramu ulikuwa na mfereji unaoweza kuzama ncha ya kidole cha shahada, ulioachwa na kebo iliyokuwa ikivuta kwa mshazari upande ule ule mwaka baada ya mwaka. Kabla ya kufungua chochote nilikwisha kujua kwamba mashine ile ilifungwa mahali pamoja kwa muda mrefu, mteremko ukiwa upande wake wa kulia.

Baada ya hapo watafute waliowahi kuiendesha. Wazee hao wanapungua, na chuma kinaweza kuwangoja wao lakini wao hawawezi kukingoja chuma. Usimhoji mzee sebuleni kwake. Mwombe aje mahali mashine ilipo, mpe kiti, mpe chai, umwache aishike. Nilimwuliza mzee mmoja wa Turi nyumbani kwake kuhusu mitambo ya kuendeshea, akaniambia kwa upole kwamba amesahau. Wiki iliyofuata nilimleta, na mkono wake ulipogusa mpini wa kushoto akacheka.

"Huyu alikuwa na kiburi, kijana wangu. Ukimvuta kabla ya kumsukuma kidogo, anakurudi."

"Anakurudi vipi, mzee?"

"Anaruka. Anakupiga hapa," akasema, akionyesha kifundo cha mkono ambacho hakikuwahi kunyooka tena.

Nilipofungua klachi ya upande huo miezi miwili baadaye nilikuta meno yake yamelika upande mmoja, na yalishikana vizuri pale tu mpini uliposukumwa kwanza. Kama nisingemsikiliza mzee yule, ningeifunga tena vile vile na kumkabidhi mtu mwingine jeraha lile. Kwa sababu hiyo mahojiano hayo nayahesabu kuwa sehemu ya ukaguzi wa mashine, sawa na kupima beringi.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi sauti, na uulize pia kama anataka jina lake litajwe. Uliza mambo yanayoshikika: nani alikuwa anafunga kitanzi kwenye gogo, nani alitoa ishara na kwa nini, filimbi ngapi zilimaanisha simama, mvua ikinyesha walifanya nini, nani aliumia. Andika pia majina waliyoziitia sehemu za mashine, maana hayamo katika kitabu chochote cha kiwandani.

Hatua ya 4: Safisha bila kutimua vumbi

Angalia kwanza nyoka na nyuki. Nafasi iliyo ndani ya dramu ni nyumba nzuri kwa wote wawili. Kisha ondoa udongo na majani kwa mkono na kwa patasi ya mbao.

Bitana za breki na klachi za zamani mara nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Kwa hiyo usizipulize kwa kompresa wala kuzisugua zikiwa kavu. Zilowanishe kwa maji yenye sabuni, zitoe zikiwa mbichi, na uzifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Rangi kuukuu nayo yaweza kuwa na madini ya risasi, hasa ile nyekundu ya chini kabisa, na haifai kuchomwa kwa moto wala kusagwa kwa grainda mahali watoto wanapocheza.

Hatua ya 5: Legeza bolti bila kuvunja kitu

Hapa ndipo wanaoanza huharibu zaidi, na mimi pia niliharibu. Mashine za Uingereza za kabla ya kuenea kwa vipimo vya milimita zilitumia nyuzi (mikato inayozunguka bolti) za Whitworth, kipimo cha zamani cha Uingereza, ambazo pembe yake ni digrii 55, ilhali nyuzi za Kimarekani na za milimita zina digrii 60. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina nyuzi 12 kwa kila inchi, na ya Kimarekani ina nyuzi 13. Ukizilazimisha zioane zitashika mizunguko miwili mitatu, kisha zitakufa pamoja. Spana ya Whitworth, isitoshe, huandikwa kipimo cha unene wa bolti badala ya upana wa kichwa cha nati, na ndiyo maana spana yako ya milimita "inakaribia kuingia" na kuziviringa kona zote.

Kwa bolti iliyoshikana, fuata mpangilio huu na usiruke:

1. Safisha nyuzi zinazoonekana kwa brashi ya waya.
2. Tia mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni kwa siku tatu, ukigonga kichwa cha bolti polepole kila mara ili mafuta yapenye.
3. Jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Sauti ndogo ya "tik" ni habari njema.
4. Ikikataa, pasha moto nati yenyewe bila kuipasha bolti, kisha gusisha mshumaa kwenye nyuzi zikiwa moto. Nta iliyoyeyuka huvutwa ndani kuliko mafuta.
5. Ikikataa tena, kata nati. Nati ni rahisi kupatikana. Mwili wa winchi haupatikani.

Mwili huo kwa kawaida ni wa chuma cha kusubu, kile mafundi hukiita kasti, na chuma hicho hakipindi bali hupasuka. Nilipiga sikio moja la mwili kwa nyundo ya kilo nne kwa sababu nilikuwa na haraka ya kumaliza kabla ya mvua, likadondoka kama kipande cha sahani. Kuchomelea kasti kunawezekana, lakini kunahitaji kuipasha yote moto kwanza, vijiti vya nikeli, na kuipoza taratibu sana. Pia usielekeze moto karibu na beringi za metali nyeupe laini, zinazofanana na bati, kwa kuwa huyeyuka kabla bolti yako haijaanza hata kubadilika rangi.

Hatua ya 6: Ondoa kutu kwa umeme na magadi

Kwa vipuri vidogo hakuna njia iliyo pole kuliko hii. Jaza pipa la plastiki maji, utie kijiko kikubwa kimoja cha magadi yaliyosafishwa kwa kila lita nne au tano. Magadi ghafi huwa na chumvi ndani yake, na chumvi hutoa gesi ya klorini, kwa hiyo ongeza pesa kidogo ununue yale safi. Ning'iniza kipuri majini na ukiunganishe na waya hasi wa chaja. Waya chanya uuunganishe na kipande cha chuma cha kutupwa. Vitu hivyo viwili visigusane. Acha kwa saa kadhaa, kisha suuza, kausha na upake mafuta siku hiyo hiyo.

Makosa ni manne. Kugeuza waya hula kipuri chako badala ya kukisafisha. Kutumia chuma kisichoshika kutu upande wa chanya huacha sumu majini. Kutumbukiza alumini huifanya iliwe na magadi. Kutumbukiza springi huifanya iwe dhaifu na ivunjike baadaye bila kutoa dalili. Fanyia kazi hii nje, mbali na moto na sigara, kwa sababu mapovu yanayopanda ni haidrojeni.

Hatua ya 7: Gia, beringi na breki

Toa mafuta yote ya zamani kwenye sanduku la gia na uyachuje kwa kitambaa. Chembe ndogo zinazometa ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya meno si vya kawaida. Badilisha sili zote hata kama zinaonekana nzuri, kwa sababu mpira uliokauka miaka ishirini utavuja siku ya pili. Ukanda wa breki uufunge upya kwa bitana mpya isiyo na asbesto, kisha hakikisha unashika mzunguko mzima kwa kupaka chaki kwenye dramu na kuangalia ilipofutika.

Hatua ya 8: Injini

Usiiwashe wala usiiburute kwa trekta nyingine ili "ijishtue". Toa nozeli, mimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya injini katika kila silinda, ungoje wiki nzima, kisha jaribu kuzungusha flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa mkono, mbele kidogo na nyuma kidogo. Ikizunguka, badilisha mafuta na vichungio, safisha tangi na mfumo wa maji, ndipo ufikirie kuiwasha. Kuwe na mtu aliyeshika ubao tayari kuziba njia ya hewa, kwa sababu injini ya dizeli iliyokaa sana inaweza kukimbia yenyewe na kukataa kuzimika.

Hatua ya 9: Kebo

Kebo kuukuu ya mashine ya kufanya kazi tupa. Nasema hivyo kwa sababu kutu hula katikati, mahali usipopaona. Ukipata kebo mpya au iliyotumika kidogo, ipime kwa kipimo cha venia (rula yenye taya za kubana) ukishika migongo ya misokoto inayotazamana, yaani mafungu ya nyuzi za chuma yaliyosokotwa kuwa kebo, si mabonde. Kebo ya milimita 16 iliyopungua kwa milimita 1 imekwisha. Ihesabu pia nyuzi zilizokatika: fuata msokoto mmoja hadi ukamilishe mzunguko mmoja kuizunguka kebo, na ukikuta ndani ya urefu huo nyuzi 6 zimekatika, au 3 katika msokoto mmoja, usiitumie. Usipitishe kiganja juu ya kebo hata ukiwa na glavu. Tumia kitambaa, nacho kitanaswa pale uzi ulipokatika.

Unapotengeneza kitanzi kwa klipu, kitako cha klipu kikae upande wa kebo unaobeba mzigo, na sehemu iliyopinda kama herufi U ikae upande wa ncha iliyokufa, ile isiyobeba mzigo. Ukizigeuza, zinaponda upande unaobeba. Kwa kebo ya milimita 13 tumia klipu zisizopungua 3, zikiachana kwa takriban milimita 80, kisha uzikaze tena baada ya mvuto wa kwanza, kwani kebo ikivutwa hukonda.

Kapi la kwanza liwekwe mbele ya katikati ya dramu, kwa umbali wa karibu mara 19 ya upana wa dramu. Dramu ya nusu mita itataka karibu mita tisa na nusu. Karibu zaidi ya hapo kebo haitajipanga vizuri. Mizunguko isiyopungua mitatu ibaki daima kwenye dramu.

Hatua ya 10: Jaribio

Ifunge winchi kwa mnyororo kwenye kisiki imara au nanga ya udongo. Vuta gogo dogo, mahali tambarare, kwa mwendo wa chini. Watazamaji wakae mbali kuliko urefu wa kebo yote iliyonyoshwa, na pasiwe na mtu hata mmoja ndani ya kona ambayo kebo inapinda kwenye kapi. Kebo inayoingia kwenye kapi na kurudi ilikotoka hulivuta kapi hilo kwa nguvu mara mbili ya ile iliyo kwenye kebo, na kinachokatika kwanza mara nyingi ni mnyororo ulioshika kapi. Mwendeshaji akae nyuma ya wavu wa chuma.

Rangi huja mwisho. Acha mahali pamoja padogo penye rangi ya awali bila kupaka.

Matatizo yanayoulizwa mara nyingi

Kebo inajirundika upande mmoja wa dramu. Kapi la kwanza limekaa karibu mno au halijalingana na katikati. Lisogeze; usijaribu kuipanga kebo kwa mguu, kama nilivyoona watu wakifanya.

Breki inashika, kisha inateleza. Mafuta yameingia kwenye bitana kutoka kwenye sili. Kuichoma kwa petroli hakusaidii. Rekebisha sili, kisha weka bitana nyingine.

Dramu inazunguka hata klachi ikiachwa. Asubuhi ya Molo grisi nzito huganda na kuiburuta dramu. Ingoje mashine ipate joto. Ikiendelea hata ikiwa moto, klachi inahitaji kurekebishwa.

Nguvu inapungua kebo ikizidi kujaa. Hiyo ni kawaida. Kila tabaka la kebo huongeza unene wa dramu na hupunguza nguvu ya mvuto.

Injini inatoa moshi mweusi na haina nguvu kama ilivyokuwa Kisumu. Kagua kichungio cha hewa kwanza. Kisha kumbuka kwamba Kisumu iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, wakati Elburgon na Molo ziko juu ya mita 2,300. Injini isiyo na taboi, kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo huku juu imekwisha kupoteza zaidi ya asilimia 20 ya ile ya pwani. Kuifungua pampu ili itie mafuta mengi zaidi kutaongeza moshi, hakutaongeza hewa.

Beringi inapata moto. Ama imekazwa mno, ama imejazwa grisi kupita kiasi. Ukishindwa kuweka mkono juu yake kwa sekunde tano, zima.

Kipuri hakipatikani popote. Mpelekee kile kilichovunjika fundi wa kusubu na kuchonga vyuma. Wapo wa jua kali Nakuru, na Kibuye kule Kisumu. Kikichongwa kipya, mwambie akipige chapa ya mwaka upande usioonekana, ili atakayeifungua mashine baada yako asikidhanie kuwa cha asili. Kile kilichovunjika kitie mafuta, ukifunge kwa kitambaa, ukiweke kwenye sanduku moja na daftari.